Nafaka kwenye mvinyo wa nanasi: bila kimea ni tope tu

Swali limetoka kwa msomaji wa Bwera, wilayani Kasese, Uganda:

"Habari za kazi, mwalimu. Ninatengeneza mvinyo wa nanasi nyumbani kwa ajili ya familia na sherehe zetu. Ladha ni nzuri ila ni mwepesi mno, haukai mdomoni. Mjomba akanishauri niweke mtama wa kukaanga, kama wanavyofanya kwenye tonto. Nikasoma pia kwamba Waingereza huweka ngano na zabibu kavu kwenye mvinyo wao wa nyumbani. Basi nikachukua lita 20 za juisi, nikamwagia maji ya moto unga wa mtama kilo moja, nikautia humo. Ngano nusu kilo niliitia nzima, mbichi. Nikaongeza sukari na hamira. Huu ni mwezi wa pili, mvinyo haujatulia, ni mweupe kama maji ya kuoshea mchele, na umeanza kuchachuka. Nilikosea wapi? Nafaka ipi inafaa, na kiasi gani? Huu nilio nao unaweza kuokolewa?"

Dada, asante kwa kuandika vipimo na hatua ulizofuata. Wengi huniambia tu kwamba mvinyo umeharibika, nami nabaki kubahatisha. Wewe umenipa pa kuanzia.

Mjomba wako amesema kweli, na Waingereza hao nao wamesema kweli, ila kila mmoja alikuwa anazungumzia kinywaji chake. Tonto inatengenezwa kwa ndizi za pombe, kayinja kwa mfano, ambazo zimeivishwa hadi zimejaa sukari. Zinakamuliwa kwa nyasi, juisi inaongezwa maji, halafu mtama uliokaangwa na kusagwa unamwagwa ndani. Baada ya siku moja au mbili watu wanakunywa. Kileo chote kimetoka kwenye sukari ya ndizi. Mtama umeleta rangi, harufu ya kukaangwa, uzito kidogo mdomoni, na pia vijidudu vya kuanzisha uchachukaji. Hakuna anayengoja tonto iwe angavu, na siku ya nne au ya tano inapogeuka kuwa kali, kwa kawaida imeshakwisha. Mvinyo unataka ukae miezi. Kila kitu kinachovumilika kwa siku mbili, yaani tope, vijidudu vya maganda ya nafaka na hewa inayoingia, kwenye mvinyo kina muda wa kutosha kuleta madhara.

Waingereza nao walikuwa na shida inayofanana na yako. Mvinyo wao wa mashambani ulitengenezwa kwa mizizi na maua: viazi, bitiruti, maua ya porini. Vitu hivyo havina uzito wowote vikishakamuliwa, kwa hiyo wakaongeza ngano au shayiri pamoja na zabibu kavu. Nafaka ililowekwa tu, haikuchemshwa, ikakaa siku kadhaa kwenye ndoo kisha ikachujwa, na mvinyo ukaachwa mwaka mzima au zaidi ujitulize wenyewe. Hata hivyo weupe wa wanga ulikuwa malalamiko ya kawaida kwao, hadi waliofuata wakaanza kununua vimeng'enya vya dukani, yaani vitu vinavyokata wanga, ili kuuondoa. Na ukiangalia vizuri mapishi hayo, sehemu kubwa ya uzito wa mvinyo ilitoka kwenye zile zabibu.

Sasa tuje kwenye jerikeni yako. Hamira inakula sukari, haili wanga. Punje ya mtama au ngano imejaa wanga, na wanga ni mnyororo mrefu wa sukari ambao hamira haina uwezo wa kuukata. Anayeukata ni kimeng'enya kiitwacho amilase, na nafaka hukitengeneza kwa wingi inapoota. Ndiyo maana wapishi wa malwa, pombe ya wimbi, na kwete, pombe ya mahindi, hawaachi kuotesha nafaka. Wewe ulitumia unga ambao haukuoteshwa, tena ukaumwagia maji ya moto. Unga mkavu ungezama wenyewe ukawa machicha chini ya jerikeni. Ulioguswa na maji ya moto umevimba, umepasuka na kusambaa ndani ya juisi, na huo hautulii kirahisi hata ukingoja mwaka. Weupe unaouona, kwa uwezekano mkubwa, ni huo. Ngano mbichi nayo ilileta bakteria wa maganda, walewale wanaochachusha bushera, kinywaji kichachu cha nafaka, na wakapata chakula na joto la Kasese kwa miezi miwili.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalijui, na hili ndilo ningependa ulishike kuliko mengine yote. Hata ungetumia kimea, yaani nafaka iliyooteshwa ikakaushwa, badala ya unga mbichi, halafu ukakitia moja kwa moja ndani ya juisi ya nanasi, kisingefanya kazi yake. Juisi ya nanasi ina uchachu mwingi, pH yake, yaani kipimo cha uchachu ambacho kikishuka uchachu unazidi, ni kama 3.5. Amilase ya kimea inataka pH ya kati ya 5 na 6 na joto la karibu nyuzi 65. Ndani ya juisi baridi na chachu, kimeng'enya kinalala. Nafaka lazima imalize kazi yake peke yake, kwenye maji matupu na kwenye sufuria yake, ndipo maji yake matamu yakutane na tunda.

Tuseme pia ukweli kuhusu kileo, maana wengine hutia nafaka wakidhani wanaongeza nguvu. Gramu 17 za sukari katika lita moja hutoa takriban asilimia 1 ya kileo. Kwa lita 20 zenye asilimia 11 unahitaji sukari ya karibu kilo 3.7, ukijumlisha na ile iliyomo kwenye tunda. Kilo moja ya nafaka, hata ikipikwa vizuri na kimea jikoni, itakupa labda gramu 400 hivi za sukari. Hiyo ni asilimia 1 tu. Nafaka kwenye mvinyo ni ya uzito, harufu na rangi. Nguvu itoke kwenye tunda na sukari.

Nafaka ipi? Ningeanza na wimbi bila kusita. Kimea chake kina amilase nzuri, ladha yake ni ya upole, na Uganda hatuna shida ya kupata nafaka hii, kuanzia Teso hadi magharibi. Popote wanapopika malwa, ambayo Wateso huiita ajon, utapata kimea chake sokoni, kikavu tayari. Kinuse kabla ya kulipa. Harufu iwe tamu ya nafaka iliyoota. Ukisikia harufu ya ukungu au ukaona punje zenye kijani au weusi, muachie mwenye nacho.

Mtama unafaa pia, lakini ujue unatumia mtama gani. Mweupe, kama ile aina ya Epuripuri iliyotoka kituo cha utafiti cha Serere na ambayo Nile Breweries wanaitumia kwenye bia ya Eagle tangu 2002, hauna ukakasi. Mwekundu wa Kigezi una tanini nyingi. Tanini hukausha ulimi na tena huzuia amilase isifanye kazi vizuri. Wenyewe wanajua kuutumia: pombe yao ya enturire inachanganya mtama na asali, na utamu wa asali unabeba ule ukakasi. Kwenye nanasi lako, ambalo tayari lina uchachu, mtama mwekundu utakupa mvinyo mkali wa kukunja uso. Na huo wa kukaanga alioutaja mjomba, moto umeshaua vimeng'enya vyake. Ukipenda harufu yake, tia gramu 100 pamoja na kimea, lakini usiutegemee ukate wanga.

Ukiotesha mtama mwenyewe kuna tahadhari ambayo si ya kupuuza. Machipukizi na mizizi ya mtama unaoota ina kemikali inayozaa sianidi, sumu kali. Kausha kimea juani hadi kikatike kwa jino, kisha kisugue kwa viganja au ndani ya gunia hadi vijimizizi na machipukizi yote yang'oke, upepete, ndipo usage. Kisha kipikwe kama nitakavyoeleza. Usitie kimea cha mtama kibichi chenye machipukizi yake kwenye kinywaji chochote.

Mahindi siyapendekezi kwenye mvinyo. Kwete ni kinywaji kizuri na mahindi yana mahali pake humo, lakini mafuta ya kiini cha hindi hayapendezi kwenye kitu cha kukaa miezi. Zaidi ya hapo kuna sumukuvu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu za ukungu, na nchi nzima ikaongea. Sumu hizo haziondoki kwa kuchemsha wala kwa kuchachusha. Kwa nafaka yoyote ile, punje iliyoota ukungu itupwe, na hata kuku wasipewe. Ngano ya Kapchorwa ikioteshwa itafanya kazi vizuri. Mchele uache: Wachina na Wajapani wanaupata mvinyo wa mchele kwa msaada wa ukungu maalumu wanaoupanda juu ya wali ili ukate wanga, na bila ukungu huo mchele utakurudishia maji meupe yaleyale.

Ukiamua kuotesha wimbi mwenyewe, nunua nafaka ya chakula. Mbegu ya duka la pembejeo, ile iliyopakwa rangi, ina dawa. Loweka usiku kucha, badilisha maji, chuja, tandaza juu ya gunia safi na kufunika. Nyunyiza maji asubuhi na jioni, geuza zisipate joto. Siku ya pili au ya tatu vijimizizi vinakuwa vimetoka vizuri. Anika, sugua, saga kwa kukwaruza tu, isiwe laini kama ya ugali, vinginevyo kuchuja kutakuwa adhabu.

Kwa lita 20 za mvinyo, chukua kimea cha wimbi kilo 1 na unga wa kawaida wa wimbi au mtama mweupe nusu kilo. Unga huo wa kawaida upike uji kwa lita 4 za maji, uchemke dakika 15 ukikoroga. Wakati huo kanda kimea kwenye beseni au sufuria kubwa kwa lita 2 za maji baridi. Epua uji, uache utulie dakika chache, kisha umimine polepole juu ya kimea huku unakoroga. Usifanye kinyume. Ukitia kimea ndani ya uji unaochemka, kijiko cha kwanza hadi cha mwisho vyote vinaungua na amilase inakufa. Ukimimina uji kwenye kimea kwa vipimo hivi, joto linaishia karibu nyuzi 65 lenyewe. Kipimajoto kikiwepo ni bora zaidi: kati ya 63 na 68 uko salama, ukivuka 75 umepoteza kimea.

Hapo simama uangalie, kwa sababu kazi inaonekana kwa macho. Uji uliokuwa mzito, unaoshika mwiko, ndani ya dakika chache unalegea na kuwa maji. Kina mama wanaotia kimea kidogo kwenye uji wa mtoto ili uwe mwepesi kumeza wanatumia jambo hilohilo. Onja baada ya nusu saa, utakuta umekuwa mtamu bila sukari yoyote. Funika, zungushia sufuria blanketi, acha saa moja na nusu.

Kisha pima. Nunua ayodini ya vidonda kwenye duka la dawa. Weka kijiko kimoja cha maji ya juu, yasiyo na machicha, kwenye sahani nyeupe, yakipoa dondoshea tone moja la ayodini. Likigeuka bluu iliyokolea au jeusi, wanga bado upo, rudisha sufuria mahali pa joto nusu saa nyingine. Likibaki na rangi yake ya kahawia-manjano, wanga umekwisha. Hilo tone linakuepusha na miezi miwili ya kungoja mvinyo usiotulia. Ulichopima mwaga, usirudishe kwenye sufuria.

Chuja kwa kitambaa cha pamba kilichochemshwa. Usikamue kwa nguvu zote, maana ukikamua unasukuma unga kupita. Yale maji matamu, kama lita 5, yachemshe dakika 15. Hapa ndipo bakteria wa nafaka wanapokufa, na hatua hii ndiyo inayotenganisha mvinyo na bushera. Yakipoa kabisa, changanya na lita 14 au 15 za juisi ya nanasi. Juisi yenyewe usiichemshe: joto huitoa pektini ya tunda, ule ute unaogandisha jamu, na kukuletea weupe wa aina nyingine, tena linaua harufu ya nanasi iliyokufanya uanze kazi hii.

Sukari ya kuongeza itakuwa karibu kilo 1.3 hadi 1.5, ikitegemea mananasi yako yameiva kiasi gani. Haidromita, kifaa cha kupimia sukari kwenye juisi, ndiyo ya kuamini: anza kwenye 1.080 hadi 1.085. Hamira ya mvinyo ikipatikana Kampala, agiza, pakiti ndogo ya gramu 5 inatosha lita zote hizo. Hamira ya mkate inafanya kazi, ila inatulia vibaya na inaacha harufu ya mkate. Funga jerikeni kwa mpira mwembamba unaoishia kwenye chupa ya maji, hewa itoke isiingie. Baada ya siku saba hadi kumi hamishia chombo kingine ukiacha machicha, rudia baada ya mwezi, onja kuanzia mwezi wa tatu.

Nikiulizwa mimi ningefanya nini kwa mvinyo wa nanasi ulio mwepesi, ningetumia ndizi kabla ya nafaka. Kilo 2 za bogoya, ndizi kubwa za kula mbivu, au ndizi ndogo zilizoiva hadi ganda lina madoa meusi, zikatwe, zichemshwe kwa lita 3 za maji nusu saa, zichujwe bila kukamuliwa, na maji yake yaingie badala ya maji ya nafaka. Uzito unaokosa utaupata. Waingereza wenyewe, ambao ndizi zao zinafika kwa meli, hufanya hivyo, nasi tunazo uani. Ziwe zimeiva kweli, kwani ndizi mbichi ina wanga na utarudi palepale. Kimea cha wimbi nakitaka pale ninapotaka ladha ya nafaka yenyewe ndani ya mvinyo, ule ukavu wenye harufu ya malwa kwa mbali. Na ladha hiyo inakubaliana na pasheni au asali kuliko nanasi, ingawa hapo ulimi wako ndio wa kuamua.

Sasa huu ulio nao. Kwanza pima kwa ayodini kama nilivyoeleza. Ikigeuka bluu, kimea hakitausaidia kwa sababu ya uchachu, lakini kimeng'enya cha dukani kinachotokana na ukungu kinavumilia uchachu zaidi. Wauzaji wa vifaa vya kutengeneza bia na mvinyo wanacho, fuata kipimo cha kwenye pakiti. Ukikitumia, wanga utageuka sukari na hamira inaweza kuamka tena, kwa hiyo usitie kwenye chupa hadi viputo vikome kabisa kwa wiki mbili. Chupa iliyofungwa mapema hupasuka na vigae vyake hujeruhi. Ikiwa ayodini haikubadilika, weupe si wa wanga. Tia kijiko kimoja cha mvinyo kwenye glasi yenye vijiko vinne vya spiriti safi ya duka la dawa: nyuzinyuzi kama za ute zikijitokeza, hiyo ni pektini, na ina kimeng'enya chake. Vilevile ulichopima humo kimwagwe, si cha kunywa.

Halafu nusa. Uchachu usio na harufu ya siki ni wa bakteria wa nafaka. Haudhuru, ila hauondoki. Sukari utakayoongeza italiwa, na mvinyo utabaki mchachu. Unaweza kuunywa mapema ukiuchanganya na juisi, au kuupikia nyama. Wala usikubali mtu akushauri uupeleke kwa mpika waragi, pombe kali ya kienyeji, ili "usipotee". Kuipika kunataka leseni kisheria, na Kabale mwaka 2010 watu wengi walizikwa kwa waragi iliyokuwa na methanoli, kileo chenye sumu.

Ukisikia harufu ya siki, acha kupigana nao. Funika mdomo wa jerikeni kwa kitambaa kisafi badala ya kizibo ili hewa iingie, weka mahali pa kivuli, na baada ya wiki chache utakuwa na siki ya nanasi nzuri kwa kachumbari. Iweke chumba kingine, mbali na mvinyo mpya, maana vile vijinzi vya matunda hubeba bakteria wa siki kutoka chombo kimoja hadi kingine. Na jerikeni hiyo usiirudie tena kwa mvinyo hata ukiisugua vipi. Plastiki inashika, iache iwe ya siki.